Anzeni Tu, Mimi Nakuja

Karakanani, 3 Februari

Mjukuu wangu msomi,

Nakuletea salamu za mzigo mzima. Ukichoka kuzibeba zitue chini, upumzike, uendelee. U hali gani huko chuoni? Wanakulisha? Unalala? Mimi ni mzima kama jiwe, na mawe nayajua, kwa hiyo usibishe.

Simu sitaki, nilishakwambia. Ukinipigia naanza kutafuta miwani, na nikiipata miwani wewe umeshakata. Barua ina adabu: haikatiki, haikohoi, wala haiishiwi chaji. Gundi, yule jirani yangu mshona viatu, ndiye atakayeipeleka posta. Nimemwonya kwamba akiifungua njiani atakuta nimemtukana ukurasa wa pili.

Sasa shida yangu. Jiwe la bibi yako liko tayari. Nimelikata mwenyewe na kulipiga msasa mpaka nzi akitua anateleza. Mwaka unakaribia tangu tumzike, na kaburini kwake bado kuna kibao cha mbao, kama duka lililohama. Watu wanasema: tazama, mchonga mawe ya mji mzima, mkewe hana jiwe. Nawajibu kwamba kinyozi hajinyoi. Wanacheka, lakini hawaondoki.

Kinachokosekana ni maneno. Wewe kazi yangu unaijua, umekulia ndani ya vumbi lake. Watu wanakuja na maneno yao, mimi nachonga. Nimechonga "Alipendwa na wote" juu ya mtu ambaye hata mbwa wake alihamia kwa jirani. Nimechonga "Mume mwema" huku mjane amesimama nyuma yangu ananihimiza nimalize kabla hajabadili mawazo. Sijawahi kumwuliza mtu maana. Shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha, tulikubaliana bila ugomvi.

Lakini kwa bibi yako uongo siwezi. Nataka maneno yake mwenyewe. Na ya mwisho aliyoyasema ni haya: "Anzeni tu, mimi nakuja." Basi. Hakuongeza nukta.

Tangu siku ile maneno hayo yananizunguka kichwani. Alitaka kusema nini? Nasikia huko mnafundishwa kuchambua maneno ya watu, mnayaita dondoo. Basi nichambulie hili. Usiponiambia maana yake sichongi, na nisipochonga mama wa watu atabaki na kibao. Tumepanga kulisimamisha jiwe mwezi wa sita. Chuo kikifunga uje ushike upande mmoja, mimi nishike mwingine. Fanya hima kidogo. Jicho la kushoto limeanza kuona ukungu, na herufi hazichongwi kwa kupapasa.

Ni mimi,
Babu yako


Chuoni, 20 Februari

Babu yangu,

Shikamoo, tena ile ya kupiga goti. Hapa sijambo. Chakula wanatupa, usingizi ndio wanatunyima. Nimefurahi sana kusikia u mzima. Msalimie Gundi, mwambie viatu alivyonishonea vimenifikisha mwaka wa tatu bila kucheka vidole.

Nimelichukua swali lako kwa uzito. Dondoo, Babu, tunaliuliza mambo manne: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na ni kwa nini anasema. Ukishayajua hayo ndipo unaingia kwenye maana.

Basi nimejibu hivi. Msemaji ni Bibi. Anawaambia watu wa nyumbani mwake. Mahali ni nyumbani, wakati wa chakula. Anasema hivyo kwa sababu ni mama, na mama hula mwisho. Maneno haya yanaonyesha kujinyima: mwanamke anayehudumia wote, anayewatanguliza wengine na kujisahau, hata pumzi ya mwisho ikiwa inamtoka. Hapo "chakula" kinasimamia maisha yenyewe. Aliwapa wengine maisha, yeye akabaki jikoni.

Nadhani usichonge maneno yenyewe, chonga maana yake: "Aliwatanguliza wengine." Yatapendeza, na wapita njia wataelewa.

Nimelia kidogo nikiandika.

Mjukuu wako


Karakanani, 2 Machi

Mjukuu wangu,

Umeamkaje? Machozi yamekauka? Mimi huku ni mzima, jiwe lile lile.

Kujinyima! Bibi yako? Bibi yako yupi?

Mtoto wewe, umelelewa na mwanamke yule. Sufuria likitoka motoni alikuwa ameshaonja chumvi mara saba, na kila akionja anaonja kwa kijiko cha kupakulia. Alikuwa haji mezani haraka kwa sababu ameshiba. Akija anakaa kututazama, kama mtu aliyeingia sinema na filamu anaijua. Nyama ya shingo, ile laini, hukuwahi kuiona ikifika mezani. Ulidhani ng'ombe wa huku hawana shingo?

Wewe umemchukua mama mmoja mwenye huzuni kutoka kwenye vitabu vyenu, ukamvalisha gauni la bibi yako. Halimtoshi. Limembana makwapani.

Na hayo mambo yako manne ni mazuri, nimeyapenda, nimemsomea hata Gundi. Lakini umeniuliza lini? Unasema "wakati wa chakula". Nani kakwambia chakula gani, cha nani, kilipikwaje? Umejibu mtihani kabla ya kufungua kitabu. Mimi ningechonga hivyo ningeshaandika jina la marehemu mmoja kwenye kaburi la mwingine. (Niliwahi. Mara moja. Familia zote mbili ziliona ni afadhali.)

"Aliwatanguliza wengine" nimeshawachongea watu watatu, na wote walikuwa wachoyo. Bibi yako simweki kwenye kundi hilo.

Fikiri tena.

Babu yako mkorofi


Chuoni, 9 Aprili

Babu,

Shikamoo. Hujambo huko? Kimya changu usikichambue sana: nilinuna. Niliisoma barua yako mara moja nikaitia chini ya godoro. Nilisema moyoni, haya, kama anajua kila kitu ajichambulie mwenyewe.

Wiki iliyopita mwalimu akanirudishia karatasi yangu ya dondoo. Alikuwa amezungushia wino mwekundu jibu langu lote, na chini ameandika: "Umelipenda dondoo kuliko ulivyolisoma. Rudi ukurasa uliotangulia." Nikacheka peke yangu darasani mpaka wenzangu wakageuka. Nilidhani wewe ndiye uliyemwandikia.

Basi, Babu, narudi ukurasa uliotangulia. Siku ile mimi sikuwepo. Nilifika mmeshamzika, na wewe hukuwahi kunisimulia, na mimi niliogopa kuuliza. Sasa nauliza. Mlikuwa wapi? Nani alikuwa chumbani? Ulikuwa umemwambia nini kabla hajasema maneno yale?

Usinifiche hata kama ni dogo.

Mjukuu wako aliyeacha kununa


Karakanani, 21 Aprili

Mjukuu wangu mwenye masikio,

Habari za huko? Za hapa ni za hapa. Mimi ni mzima. Jiwe nalo huota ukungu upande mmoja, lakini huwezi kuliita gonjwa. Barua hii nimeiandika kwa vituo. Nikichoka naiweka chini ya nyundo isipeperuke. Gundi siku hizi ananiletea maziwa kila asubuhi, sijui nani kamwambia mimi ni ndama.

Haya, sikiliza ukurasa uliotangulia.

Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, kile chumba cha nyuma chenye dirisha linaloangalia karakana. Wiki nzima alikuwa hali. Majirani walileta vyakula, anaviangalia anageukia ukuta. Mchana ule nikasema, kumbe hawa hawajui anachokitaka. Nikaingia jikoni. Mimi! Mtu ambaye tangu anioe, maana yeye ndiye aliyenioa, sijawahi hata kuchemsha maji yakachemka. Nikapika wali.

Ule wali, mjukuu wangu, chini ulikuwa mkaa, katikati ulikuwa uji, juu ulikuwa mchele kama ulivyotoka dukani. Nyumba nzima moshi. Nikaupakua kwenye sahani ile ya maua, nikaingia nao chumbani kifua mbele, nikamwambia, "Haya mama, amka tule, leo mpishi ni mimi."

Akafungua macho. Akaitazama sahani. Akanitazama mimi, nyusi zangu zimeungua. Akaitazama tena sahani. Ndipo akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia nyumba ilipokuwa imejaa watoto, "Anzeni tu, mimi nakuja." Kisha akafumba macho.

Nikarudi jikoni na sahani yangu. Nikakaa, nikala. Nilikuwa namwachia sehemu yake pembeni, ile iliyoiva iva. Niliporudi kumwita alikuwa ameshakwenda.

Ndiyo hivyo. Hakuna zaidi.

Unajua alichokuwa akiniambia mimi, miaka yote, nikichelewa kazini? Narudi usiku nimejaa vumbi, naomba radhi tangu mlangoni, yeye anafunua kawa anasema, "Bado hakijapoa." Kimepoa kama jiwe la kaburi! Mafuta yameganda juu unaweza kuchonga jina. Na yeye, "Bado hakijapoa, kaa ule." Huo ndio uongo pekee aliokuwa nao. Nilikuwa naula wote nasema kweli, kina moto.

Mimi sahani yake niliifunika. Nikaifunika na kawa, kisha ndipo nikaenda kumwita Gundi.

Sasa nichambulie.

Babu yako


Chuoni, 15 Mei

Babu yangu,

Shikamoo Babu, shikamoo mpishi. Nashukuru kwamba u mzima. Barua yako nimeisoma nimekaa kwenye ngazi za bweni, watu wanapita wananiruka, mimi nalia na kucheka kama mtu aliyerogwa.

Babu, ni utani! Hakuna kujinyima hapo, na wala si wosia. Bibi aliuona wali wako akaukimbia. Si ndivyo alivyofanya siku zote asipopenda chakula? Kumbuka ile supu ya shangazi. "Anzeni tu, mimi nakuja," na haji.

Msemaji ni Bibi. Anayeambiwa ni wewe, mpishi wa moshi. Mahali ni chumba cha nyuma. Sababu ni ule wali. Na kama alisema "anzeni" hali ulikuwa peke yako, ni kwa sababu kwake meza ile haikuwahi kupungua watu.

Umekuwa ukiyabeba maneno hayo kama mzigo, kumbe alikuachia kicheko. Alikuwa anakucheka, Babu. Mtu anayekucheka hajakukasirikia. Ungekaa pale ukamkodolea macho angekufukuza. Alitaka uende ukale.

Yachonge vile vile yalivyo. Watu wakicheka makaburini, si neno, na yeye angecheka.

Kuhusu kusimamisha jiwe: mwezi wa sita wametupangia mazoezi ya kufundisha, na shule niliyopewa iko mbali zaidi. Nisipokwenda narudia mwaka. Msinisubiri. Anzeni tu, mimi nakuja.

Mjukuu wako


Karakanani, 4 Juni

Mwalimu wangu mtarajiwa,

Hujambo mwalimu? Chaki haijakuwasha? Mimi mzima. Jiwe ni jiwe.

Umenitua mzigo. Sikwambii zaidi ya hapo, usije ukavimba kichwa ukashindwa kuingia mlangoni kwa watoto wa watu. Usiku ule nilipoisoma barua yako nilicheka peke yangu kitandani, Gundi akaja kugonga akidhani nimeshikwa na jini. Nikamwambia, mke wangu kanitania, habari imechelewa kunifikia. Gundi akasema posta ya siku hizi ndivyo ilivyo.

Lakini wewe nawe usikimbie. Soma tena mwisho wa barua yako. "Anzeni tu, mimi nakuja." Umeandika wewe, kwa mkono wako. Haya, tulichambue kwa mambo yako manne. Msemaji: mjukuu wangu. Anaambiwa: babu yake, ambaye naye ni mmoja tu. Mahali: mbali. Sababu: ana kazi. Maana yake: kama ya bibi yako, haji.

Sikulaumu. Fundisha. Ukirudia mwaka kwa ajili ya jiwe, bibi yako atafufuka akupige na kibao chake cha mbao. Ila jiwe halisimamishwi bila wewe. Limeegemea ukuta hapa, linanitazama. Litasubiri mwezi wa nane. Mawe yanajua kusubiri kuliko watu.

Nimeshachonga. Kila siku herufi moja, siku nyingine nusu. Gundi ananishikia taa, mimi nashika patasi, na kati yetu tuna macho mazuri mawili. Sikuyachonga yalivyo. Mtu yuko chini ya ardhi, halafu juu yake pameandikwa "mimi nakuja"? Watoto watakimbia makaburi wasirudi tena. Nimebadili kidogo. Nimechonga hivi:

ANZA TU, MIMI NAKUJA

Sasa swali lako la mtihani, mwalimu, maana mimi pia naweza kutunga. "Anza tu, mimi nakuja." Eleza nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kwa nini. Alama ishirini. Usiige kwa jirani.

Babu yako, mtahini


Shuleni, 12 Julai

Babu mtahini,

Shikamoo. Natumai u mzima kama jiwe, kama kawaida yako. Mimi koo limekauka kwa kupiga kelele, watoto hapa wako sitini darasani na wote ni wewe.

Naandika mbio mbio, kengele imeshalia. Jibu la mtihani wako: msemaji ni Bibi. Anayeambiwa ni wewe peke yako, ndiyo maana umetoa wingi. Mahali ni chumba cha nyuma. Sababu ni wali. Nimepata ngapi?

Namaliza huku wiki ya tatu ya mwezi wa nane, naja moja kwa moja. Niwekee msasa, nataka na mimi kulisugua.

Mjukuu wako


Karakanani, 30 Agosti

Babu,

Barua hii haina salamu. Sikuulizi hali.

Nimekaa kwenye kiti chako, kalamu ni yako. Nilifika Jumanne. Nilimkuta Gundi amekaa mlangoni pa karakana, hana kiatu mkononi. Alipoinua uso sikuhitaji mambo manne.

Anasema barua yangu ya Julai ilikukuta kitandani. Ulimwambia aisome yeye, miwani imekuchosha. Akakusomea mpaka mwisho. Ulicheka, kikohozi kikakushika, kilipokuachia ukasema, "Mwambie kapata tano kati ya ishirini. Lakini mwandiko wake mzuri." Hayo ndiyo ya mwisho. Nimemwuliza Gundi kilichotangulia, na kilichofuata. Anasema hakuna kilichofuata.

Anasema kifua kilianza kabla hata Bibi hajaugua. Vumbi la mawe. Daktari alikutaka uache karakana, ukamwambia utaacha ukimaliza jiwe moja. Anasema ulimkataza kuniandikia. Ulimwambia, "Simu itanichongea. Barua haikohoi."

Jana nimezipanga barua zako zote mezani. Mzima kama jiwe. Jiwe lile lile. Jiwe nalo huota ukungu. Jiwe ni jiwe. Babu, hilo ndilo dondoo. Lilikuwa mwanzo wa kila barua, nami nililiruka kila mara nifike haraka kwenye kazi uliyonipa. Nililiona kuwa ni salamu tu. Msemaji: wewe. Anayeambiwa: mimi. Mahali: kitandani, maziwa ya Gundi pembeni. Sababu: nisiache mtihani nikaja. Sasa naweza kulijibu lote, na mtihani umeshakwisha.

Na lile swali lako la alama ishirini. Nilisimama mbele ya jiwe, nikapitisha kidole kwenye herufi. Ile "A" ya mwisho umeichonga ikiwa imepinda, mkono ulikuwa umechoka. Msemaji ni wewe, Babu. Anayeambiwa ni Bibi. Mlikuwa hapa karakanani, wewe unachonga, yeye hayupo. Sababu niliiona tangu Juni, iliandikwa wazi, na mimi nikakujibu wali.

Tulilisimamisha jana. Gundi upande mmoja, mimi upande mwingine. Kibao cha mbao nimekichukua, nitarudi nacho chuoni.

La kwako limechongwa na mtu wa mji wa jirani. Anasema alijifunza kwako na ulimtukana kila siku. Aliniuliza aandike nini, nikamwambia. Akaweka patasi chini, akanitazama. Akasema, "Dada, watu watauliza hii ina maana gani."

Nikamwambia mwalimu wake hakuwahi kuuliza, achonge tu. Akachonga. Uko kushoto kwake, upande uliokuwa ukikaa mezani. Kwake pameandikwa ulivyomwambia. Kwako pameandikwa anavyokujibu:

BADO HAKIJAPOA

Msemaji ni Bibi. Anayeambiwa ni wewe uliyechelewa kazini. Na kama kwenye meza ile watu bado hawajapungua, basi ananiambia na mimi.

Mjukuu wenu